Orodha ya waamini kwenye seva yetu wenyewe: namna tulivyosimika Mautic

Tangu mwaka uliopita makarani wa parokia mbalimbali wanatuuliza swali moja: barua mnazotutumia kila posho zinatoka wapi, na sisi tunaweza kufanya vilevile? Wengine wanafikiri tunalipa kampuni kubwa ya Ulaya. Tulilipa zamani, lakini leo hatulipi tena. Barua hizo zinatoka kwenye seva moja ndogo tunayoikodi, ndani yake tumesimika programu inayoitwa Mautic. Tutaeleza hapa namna tulivyofanya, na hasa mahali tulipoanguka, kusudi ninyi msianguke palepale.

Tuanze na sababu. Tarehe 22 Mai 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine kwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine ng'ambo ya mpaka Rwanda, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Kwa siku nyingi hatukujua nani yuko wapi. Daftari za waamini zilibaki katika kabati za parokia. Namba za simu zilikuwa katika simu za wachungaji, na simu nyingi zilikuwa zimezimika. Baada ya hapo tuliamua: lazima kuwe na orodha moja inayoweza kufikiwa kutoka mahali popote.

Tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulifungua konti kwenye huduma moja ya kigeni ya kutuma barua pepe, tukalipa kila mwezi kwa kadi ya benki. Ilitumika vizuri sana. Kisha ikaja Januari 2025. Benki za Goma zilifungwa, kadi haikupokea tena malipo, na baada ya majuma machache konti ikazuiwa pamoja na orodha yote iliyokuwa ndani. Tuliwaandikia mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile la masini: tengenezeni malipo yenu kwanza. Hatuwalaumu kupita kiasi, wana kanuni zao. Lakini ni wakati huohuo ndipo tulihitaji kuwaambia watu ibada inafanyika wapi, ni parokia gani inapokea wakimbizi, dawa zinapatikana wapi. Orodha ilikuwa yetu kwa jina tu.

Mautic ni nini, basi? Ni programu ambayo watu wa biashara wanaitumia kwa kufuatilia wateja wao: nani amejiandikisha, nani apewe barua gani, siku gani, na nini kifuate akijibu au asipojibu. Ilianzishwa na Mmarekani David Hurley mwaka 2014. Mwaka 2019 kampuni iliyoisimamia ilinunuliwa na Acquia, lakini programu yenyewe ilibaki huru chini ya leseni ya GPL toleo la 3: kila mtu anaweza kuichukua bila kulipa, kuisoma, kuibadilisha na kuiweka kwenye masini yake. Ni kweli iliundwa kwa wauzaji. Ndugu mmoja katika halmashauri yetu aliuliza kama ni halali kuwahesabu waamini kama wateja wa soko, na akatukumbusha Daudi na hesabu ya watu wake. Swali hilo ni zuri, na tutalirudia mbele.

Kabla ya kugusa masini, mjiulize barua pepe itawafikia nani. Katika parokia zetu nyingi, mama anayeuza ndizi hana barua pepe na hatakuwa nayo. Orodha yetu inawafikia wachungaji, mashemasi, makarani, viongozi wa kwaya na wa vijana, walimu wa shule zetu, pamoja na ndugu waliohamia Marekani, Kanada na inchi za Ulaya. Hao ndio wanaosoma tangazo mbele ya kusanyiko, au wanalinakili katika kundi la WhatsApp la mtaa. Kama parokia yenu ina watu mia na hamsini na wote wanakutana siku ya Mungu, hamhitaji Mautic. Karani mwenye sauti kubwa anatosha.

Seva yenyewe ni ordinatere isiyolala. Tulifikiri kwanza kuiweka katika biro yetu. Ndugu fundi alicheka. Mwangaza unakatika, jenereta inakula mafuta, na rezo ikianguka barua zote zinaanguka pamoja nayo. Isitoshe, biro inaweza kuingiliwa na watu wenye silaha, na masini ikachukuliwa pamoja na majina. Kwa hiyo tulikodi nafasi katika nyumba ya seva huko Ulaya: sehemu ya masini kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji wengi. Yetu ina prosesa 2, kumbukumbu ya giga 4 na diski ya giga 40. Seva ya namna hiyo hupatikana kwa dola 5 hadi 10 kwa mwezi. Tulijaribu kwanza na kumbukumbu ya giga 1, lakini Mautic ilisongwa kila mara ilipopanga makundi upya. Kuhusu malipo tulijifunza somo letu: ndugu mmoja wa diaspora analipa mwaka mzima mara moja, halmashauri inamrudishia.

Tulichagua Linux ya aina ya Ubuntu, toleo 22.04, ambalo linapewa marekebisho ya usalama hadi mwaka 2027. Linakuja na PHP 8.1, na PHP hiyo inakubaliwa na Mautic 5 iliyotoka Januari 2024. Jambo hili si dogo. Mkichukua Ubuntu mpya zaidi mtapata PHP mpya zaidi, na si kila toleo la Mautic linakubali kila PHP. Hakikisheni kwanza kwamba hizo mbili zinapatana, kisha ndipo mkodi seva. Sisi tulipoteza siku mbili kwa kufanya kinyume.

Mlango wa kuingilia seva ni SSH. Mnafungua terminali kwenye ordinatere yenu, hata kwenye simu inawezekana, na mnaandika amri zinazotekelezwa kule mbali. Uzuri wake kwetu ni kwamba inatumia rezo kidogo sana. Tumefanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa forfe ndogo ya simu, jioni, wakati rezo haijasongamana. Siku ya kwanza fanyeni mambo matatu: jazeni marekebisho, fungueni mtumiaji asiye mkuu wa masini, na wekeni ukuta:

sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo adduser karani
sudo usermod -aG sudo karani
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 80/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw enable

Mfuatano wa amri za ukuta usigeuzwe. Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeandika mistari hii, aliwasha ukuta kabla ya kuruhusu SSH, akajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Ilibidi kuingia kwa mlango wa dharura ambao mwenye seva anauweka kwenye tovuti yake. Sisi tuliosoma theolojia hatukufundishwa mambo haya. Lakini Kigiriki pia kilitushinda mwanzoni.

Kisha funguo. Neno la siri linaweza kukisiwa, na seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hujaribiwa na masini za wezi usiku na mchana. Tengenezeni jozi ya funguo za SSH kwenye ordinatere yenu (amri ni ssh-keygen), pelekeni ule wa hadharani kwenye seva, na mkishahakikisha kwamba mnaingia nao, zimeni kuingia kwa neno la siri. Ongezeni programu ya fail2ban, inayomfungia mlango anayejaribu mara nyingi. Funguo zikae kwa watu wawili, sio mmoja. Mtu mmoja anaweza kuhamishwa parokia, kuugua, au kukimbia.

Sasa vifaa vya Mautic yenyewe. Inahitaji kitu cha kupokea wageni wa tovuti, hifadhi ya data, na lugha ya PHP pamoja na vipande vyake. Wengi husifu Nginx kwa wepesi. Sisi tulichukua Apache, sababu Mautic inakuja na faili ya .htaccess iliyoandikwa tayari kwa Apache, na hatukutaka kuandika kanuni za ulinzi sisi wenyewe.

sudo apt install apache2 mariadb-server unzip php8.1 libapache2-mod-php8.1 php8.1-mysql php8.1-xml php8.1-curl php8.1-zip php8.1-mbstring php8.1-intl php8.1-gd php8.1-bcmath php8.1-imap

Amri hiyo ni ndefu. Ikisahauliwa sehemu moja, Mautic itawaambia wakati wa kusimika. Baada ya hapo tekelezeni sudo mysql_secure_installation, ingieni katika MariaDB kwa sudo mysql, mtengeneze hifadhi na mtumiaji wake:

CREATE DATABASE barua CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
CREATE USER 'mtumaji'@'localhost' IDENTIFIED BY 'neno-la-siri-refu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON barua.* TO 'mtumaji'@'localhost';

Neno localhost lina maana kwamba mtumaji huyo anaingia akiwa ndani ya seva tu. Mtu wa nje, hata akilijua neno la siri, hafiki kwenye hifadhi. Ile utf8mb4 inahifadhi herufi zote bila kuziharibu, pamoja na lafudhi za Kifaransa katika majina yetu. Katika orodha ya zamani Béatrice wetu wote walikuwa wameandikwa na alama za ajabu katikati ya jina.

Pakueni faili ya zip ya Mautic kutoka mahali rasmi pa mradi kwenye GitHub. Ipakueni moja kwa moja kutoka kwenye seva kwa wget, msiipitishe kwenye ordinatere yenu. Seva ina rezo ya nguvu, ninyi mna forfe. Ifungueni ndani ya dosie /var/www/mautic, kisha mpe Apache umiliki wake:

sudo unzip mautic.zip -d /var/www/mautic
sudo chown -R www-data:www-data /var/www/mautic
sudo a2enmod rewrite

Mkitafuta msaada mtakuta watu wanaoshauri kuweka ruhusa 777 kwa kila kitu ili kosa liondoke. Kosa litaondoka kweli, na ulinzi utaondoka pamoja nalo. Umiliki ukiwa sawa, 777 haihitajiki.

Katika faili ya usanidi ya Apache, onyesheni jina la domeni, dosie ya Mautic, na AllowOverride All ili ile .htaccess isomwe. Sisi tulichukua tawi la domeni ya mtandao wetu lenye neno barua mbele, na kwa msajili wa domeni tuliandika rekodi ya A inayoelekeza jina hilo kwenye namba ya seva. Ndani ya php.ini tulipandisha memory_limit hadi 512M. Palepale kuna date.timezone, na hapa tuna ungamo.

Tuliandika Africa/Kinshasa. Ni mji mkuu wa inchi yetu, nani angefikiri zaidi? Lakini Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya mashariki inaitwa Africa/Lubumbashi. Barua ya kwanza iliyopangwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kutangaza kwamba ibada ya saa moja imehamishwa kwenye jengo la shule, ilifika saa moja kamili. Watu walikuwa wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, na mvua inanyesha. Rekebisheni saa katika php.ini, na pia katika usanidi wa Mautic ndani yake, sababu ni mahali pawili.

Kabla ya kufungua ukurasa wa kusimika, wekeni cheti cha usalama. Let's Encrypt wanakitoa bure:

sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache

Cheti kinadumu siku 90, na certbot inakihuisha yenyewe. Baada ya hapo mnafungua anwani yenu katika kivinjari, na Mautic inawaongoza kwa hatua chache: inachunguza mazingira, inauliza hifadhi ya data, inatengeneza msimamizi wa kwanza. Ikiwa kila kitu kilitangulia vizuri, hatua hii ni ya dakika kumi. Watu wengi wanafikiri kazi imeisha hapo.

Haijaisha. Mautic iliyosimikwa hivi ni kama saa ya ukutani isiyo na betri. Haifanyi kitu mpaka iamshwe, na anayeiamsha ni cron, mtumishi wa Linux anayetekeleza amri kwa dakika zilizopangwa. Wengi walioacha Mautic wakisema haitumiki walikwama hapa: waliandika barua, wakapanga kundi, wakangoja, hakuna kilichotoka. Fungueni ratiba kwa sudo crontab -u www-data -e, muandike:

0,15,30,45 * * * * php /var/www/mautic/bin/console mautic:segments:update
5,20,35,50 * * * * php /var/www/mautic/bin/console mautic:campaigns:update
10,25,40,55 * * * * php /var/www/mautic/bin/console mautic:campaigns:trigger
*/5 * * * * php /var/www/mautic/bin/console mautic:broadcasts:send

Mstari wa kwanza unapanga watu katika makundi yao. Wa pili unawaingiza katika safari za barua zilizotayarishwa. Wa tatu unatekeleza hatua iliyofika. Wa nne unatuma barua za kundi zima zilizopangiwa siku na saa. Angalieni kwamba mitatu ya kwanza imepishanishwa kwa dakika tano. Zikianza zote pamoja, seva ndogo inasongwa. Na ratiba iwe ya www-data, sio ya mkuu wa masini, la sivyo faili za muda zitamilikiwa na mkuu na tovuti itashindwa kuziandika. Hilo nalo lilitupata.

Sehemu iliyotuchosha kuliko zote ni kufikisha barua. Seva nyingi za kukodi zimefungiwa mlango wa 25, ule wa kutumia barua, sababu wadanganyifu wameutumia vibaya. Na hata ukifunguliwa, seva mpya haina sifa. Gmail haimjui na inamtupa kwenye spamu. Tulipatana na huduma ya kupitisha barua, tunayoilipa kidogo kulingana na idadi tunayotuma. Tofauti na zamani ni hii: yule mpitishaji hashiki orodha yetu. Akitufungia leo, kesho tunaandika anwani ya mpitishaji mwingine katika usanidi wa Mautic na maisha yanaendelea.

Halafu kuna rekodi tatu za kuandika kwa msajili wa domeni. SPF inataja nani ameruhusiwa kutuma kwa jina letu. DKIM inaweka sahihi ya siri kwenye kila barua, kama mhuri wa parokia kwenye barua ya uhamisho wa mwamini. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini akiona barua isiyo na hayo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa wawe na zote tatu, na waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Sisi si wakubwa, lakini bila rekodi hizo barua zetu za kwanza kumi zilipotelea spamu, pamoja na ile tuliyomwandikia rais wa halmashauri mwenyewe. Alituita kutuuliza kama tumemsahau.

Anzeni polepole: siku ya kwanza watu ishirini mnaojua watajibu, kisha hamsini, kisha mia. Majibu yao ndiyo yanayojenga sifa. Msiingize kamwe majina yaliyonakiliwa kutoka karatasi za mahudhurio ya semina. Google wanataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu moja. Orodha ya watu mia tatu inapita kiasi hicho mtu mmoja tu akibonyeza.

Ndani ya Mautic tuliongeza sehemu mbili kwa kila mtu: parokia na lugha. Makundi yanajipanga yenyewe kutokana na hizo. Barua za Uvira haziendi Butembo, na dada zetu wa Kanada wanaoandika Kifaransa tu wanapata Kifaransa. Kuna safari moja tunayoipenda. Mgeni akijiandikisha kwenye fomu, kesho yake anapata salamu na saa za ibada. Baada ya siku saba mchungaji wa parokia anapata barua fupi yenye jina la mgeni, inayomwomba ampigie simu. Hapo masini inasimama. Tulizuia hatua ya tatu ambayo vijana walikuwa wameipanga, barua ya kumuuliza mgeni kwa nini hajarudi. Akiulizwa, aulizwe na mtu.

Turudi kwa lile swali la Daudi. Mautic, kwa kuwa ni ya wauzaji, inaweka picha ndogo isiyoonekana katika kila barua, kusudi mtumaji ajue nani ameifungua, saa ngapi, na kwa namba gani ya intaneti. Inaweza kumpa kila mtu pointi kwa kadiri anavyosoma. Kwa majuma mawili tulikuwa na jambo hilo limewashwa, na tutasema ukweli: tulianza kuangalia ni mashemasi gani hawasomi barua za halmashauri. Mzee mmoja alipojua, alituuliza kama tutaanza pia kuhesabu nani anasinzia wakati wa mahubiri. Tulizima picha hiyo katika usanidi wa barua pepe, tukawasha kile kinachoficha namba za intaneti, na pointi hatukuzigusa tena.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mama mmoja alikuja biro akitaka jina la mwanawe lifutwe kabisa. Mwanawe alikuwa amehamia mji mwingine, na fomu yetu ya zamani iliuliza anakaa mtaa gani. Hakueleza zaidi, hatukumuuliza. Katika mkoa wetu, orodha ya majina, mitaa na simu ikiangukia mikono mibaya inaweza kuua. Siku hiyohiyo tuliondoa sehemu ya mtaa kwa watu wote, sehemu ya kazi, na ile iliyoonyesha kambi ya wakimbizi. Tulibakiza jina, barua pepe, parokia na lugha. Jina tu bila ukoo linakubaliwa pia. Sheria inataka hivyo vilevile: Kanuni ya Kidijitali ya inchi yetu, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu.

Mautic inaruhusu kugawa ruhusa. Karani wa parokia anaona watu aliowaandika yeye. Haoni wa wengine. Wasimamizi wa yote ni wawili. Hakuna anayepakua orodha nzima kwenye ufunguo wa USB. Mkipewa amri ya kuonyesha orodha, jibu la kweli ni kwamba karani hana.

Kopi za akiba tunazifanya kila usiku kwa mysqldump, pamoja na dosie za config na media, tunazifunga kwa gpg, na kopi iliyofungwa inakwenda kwenye seva ya pili katika inchi nyingine. Neno la kuifungua halikai kwenye seva yoyote. Mara moja kwa miezi mitatu tunajaribu kuifungua kwenye masini tupu. Jaribio la kwanza lilishindwa: kwa miezi miwili tulikuwa tunahifadhi faili tupu, sababu diski ilikuwa imejaa. Sasa kuna amri ndogo inayotuandikia kila asubuhi ukubwa wa kopi ya usiku.

Na marekebisho. Ubuntu tuliiwekea unattended-upgrades ijirekebishe yenyewe kwa mambo ya usalama. Mautic tunairekebisha kwa mikono, baada ya kopi, siku ya Jumatatu, kamwe sio posho jioni.

Gharama ya mwezi, seva na mpitishaji pamoja, ni chini ya ile tuliyolipa zamani. Lakini mhesabu vilevile saa za mtu: katika mwezi wa kwanza karibu kila jioni, sasa saa mbili kwa juma. Parokia isiyo na mtu wa kutoa saa hizo isisimike ya kwake; tunaweza kuwafungulia karani wenu nafasi kwenye yetu. Ndugu wa Bunia na Kindu tayari wako ndani. Kwa wanaotaka kujifunza kusimika, fundi wetu atapokea watu sita Jumatatu na Jumanne za mwezi ujao, katika chumba cha juu cha biro. Kila mmoja aje na ordinatere yake, betri imejaa.